Nani Ampakate Mtoto wa Nyamizi?

Nipeni masikio, nami nitawapa mzigo.

Bi Kalunde wa Tabora alikuwa na mtoto mmoja tu, Nyamizi. Nyamizi naye alikuwa na wanawake watatu waliompenda.

Shoga yake, Sijali, alijaliwa macho. Nyamizi akiwa mjamzito, vidole vyake vilipovimba na mashavu kuiva mekundu, majirani walisema ni jua. "Jua gani linamfuata mtu chumbani?" aliuliza Sijali, akamkokota hadi hospitali huku akitukanwa njia nzima.

Binamu yake, Zawena, alijaliwa subira. Kule maabara alikofanya kazi, kipimo cha damu ya Nyamizi kilisomwa kuwa safi, maana wapimaji walitazama kiini cha seli peke yake. Zawena akairudia hadubini, akatazama nje ya kiini. Akaona vitone vinang'aa.

"Shangazi," alimwambia Bi Kalunde, "ndani ya seli jeni husema, na wapo wa kuzinyamazisha zikizidi. Kingamwili za Nyamizi, askari wa mwili wake, zimewageukia hao wanyamazishaji."

"Askari wake mwenyewe?"

"Wake mwenyewe, Shangazi."

Bi Kalunde alilia. Lakini dawa ikaanza, na mimba ambayo ingetoka ikashika.

Wifi yake, Mkasi, alijaliwa mikono. Alimkanda, akamwogesha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko.

"Meza, bibi kizee!"

"Nikifa utapumua, wifi."

"Ukifa nitagombana na nani?"

Wakacheka mpaka uji ukamwagika. Kesho yake figo zikagoma. Mtoto akatolewa hai. Mama yake hakuamka.

Sasa, katika ukoo wao, siku ya arobaini bibi humweka yatima mapajani mwa mwanamke mmoja mbele ya watu. Huyo ndiye atakayeitwa mama. Wengine watabaki wageni wa kubisha hodi.

"Amua wewe, Mama," alisema baba wa mtoto, akainamisha uso.

Wale watatu wakaketi mkekani, kanga zimetandazwa mapajani.

"Bila mimi asingefika hospitali," alisema Sijali.

"Bila mimi angerudishwa nyumbani," alisema Zawena.

Mkasi akanyoosha ile mikono iliyomlisha Nyamizi uji.

Bi Kalunde akasimama na kichanga kifuani. Hakumtaka yeyote kati yao, alimtaka Nyamizi. Mtoto akageuza mdomo, akitafuta titi lililokwisha kuzikwa.

Bibi ameinua mguu. Enyi mnaonisikiliza, aende kwa nani?