Bakuli Lililorudi Tupu

Marafiki wa siku ya karamu hawahesabiki; huja wenyewe wakifuata harufu ya nyama. Lakini siku mtu anapofikwa na shida, nyumba yake hupwaya, na yule anayebaki mlangoni ndiye anayestahili kuitwa rafiki. Bi Zejna wa Sarajevo, mji wa Bosnia, hakuwahi kufundishwa methali ya jambo hili darasani, kwa kuwa hakuwahi kuingia darasani. Alijifunza kwa mikono yake mwenyewe, na kovu la msumari kwenye kiganja lilibaki kuwa shahidi.

Nyumba yake ilikuwa katika mtaa wa mlimani, ambako paa la jirani wa chini hulingana na dirisha la jirani wa juu. Kati ya ua wake na ua wa Persida, mke wa Tripko fundi viatu, palikuwa na ukuta wa udongo, na katika ukuta huo kilango kifupi cha mbao. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na vilango vya namna hiyo, ili wanawake watembeleane bila kuzunguka barabarani. Bi Zejna alikuwa mwanamke wa kujaa kama mto wa sufu, hivyo kila alipotaka kupita ilimbidi ageuke ubavu, avute pumzi na kumtaja Mungu.

"Njoo tu, dada," Persida alizoea kumchekea. "Ukikwama nitakulisha humo humo."

"Cheka, mdogo wangu, cheka. Wewe upepo ukivuma tunakufuata hadi mtoni."

Bi Zejna alikuwa Mwislamu na Persida Mserbia wa kanisa la Othodoksi. Siku za Idi, bakuli la shaba lenye mfuniko, urithi wa mama yake Bi Zejna, lilipita kilangoni likiwa na baklava, vitamutamu vya njugu na asali. Wakati wa Pasaka lilirudi na mayai yaliyotiwa rangi nyekundu. Siku za kawaida lilibeba chochote: plamu, jibini, kipande cha mkate wa mboga. Desturi ilikuwa moja tu, nayo haikuandikwa popote: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Kukirudisha kitupu ni sawa na kumwambia mwenzako, "Na nyumba yako iwe hivi."

Mwaka 1914, theluji ilipoanza kuyeyuka, Ragib, mwana pekee wa Bi Zejna, alipata mtoto wa kwanza, msichana aliyeitwa Rabija. Bibi mtu alifurahi hata akawa anacheka peke yake jikoni. Alipika halua ya siagi, akalijaza bakuli hadi mfuniko ukakataa kufunga, akalipitisha kilangoni.

Kesho yake bakuli lilikuwa kwenye kizingiti. Lilikuwa limesuguliwa likang'aa kama jua. Bi Zejna aliinua mfuniko, akaona uso wake mwenyewe chini kabisa. Ndani hamkuwa na hata chembe ya chumvi.

"Pengine amesahau," Ragib alisema. Alikuwa fundi wa kushona mifarishi, na vumbi la sufu halikumtoka kwenye nyusi.

"Asahau? Kwa mtoto mchanga? Mjukuu wangu amezaliwa, naye ananiletea utupu!"

"Mama, ni bakuli tu."

"Ni bakuli tu kwako wewe usiyejua kupika."

Alingoja Persida aje ajieleze. Persida hakuja. Siku zilipopita na kilango kisibishwe hodi, donge likamkaa kooni, na donge lisilotemwa huwa jiwe. Mwishoni alichukua ubao na misumari, akakipigilia kilango kwa mkono wake. Mtaa mzima ulisikia nyundo. Wanawake waliokutana kisimani hawakuwa na habari tamu kuliko hiyo: Zejna na Persida hawasalimiani.

Jumapili moja mwishoni mwa Juni, mrithi wa kiti cha Kaisari wa Austria, dola iliyotawala Bosnia wakati huo, alipigwa risasi na kuuawa pamoja na mkewe, chini huko kando ya mto. Aliyefyatua alikuwa kijana wa Kiserbia. Usiku ule mji ulilala jicho moja wazi. Asubuhi ya Jumatatu makundi ya watu yakaanza kupita mitaani wakivunja maduka ya Waserbia, kana kwamba kila mwenye jina la Kiserbia ndiye aliyeshika bastola.

Bi Zejna alikuwa barazani akimbembeleza Rabija aliposikia vioo vikivunjika kwenye duka la Tripko upande wa barabara. Moyo wake ulimwambia neno baya, na hakuweza kulizuia: *Basi na waonje na wao.* Lilimpita kama moshi. Kabla halijatoka kabisa, alisikia kilango kikigongwa polepole kwa kifundo cha kidole, kama zamani mtu alipokuja kuomba chumvi.

"Hodi, dada," sauti ya Persida ilisema nyuma ya ubao.

Bi Zejna alimtia mtoto mikononi mwa mkwewe Muniba, mke wa Ragib, akakimbilia shoka la kuni. Hakukumbuka halua. Hakukumbuka kisima wala maneno ya kisimani. Aliingiza ncha ya shoka nyuma ya ubao, akavuta, na msumari mmoja ukamchana kiganja. Ubao ulipoachia, Persida alipita akiwa amemkumbatia Vaso, mwanawe wa miaka sita, na Tripko nyuma yao akiwa na kiatu cha mteja bado mkononi.

"Unakwenda nacho wapi hicho?" Bi Zejna alimwuliza.

"Sijui," Tripko alisema, akakitazama kiatu kama mtu aliyeamshwa.

Muniba alimlaza Rabija, akausukuma ubao mahali pake, na Bi Zejna akairudisha misumari kwa kisigino cha shoka. Ghasia za dukani zilimeza sauti ya kugonga. Ragib aliwazika wageni kwenye rundo la sufu katika karakana yake, akatandaza mfarishi juu.

Mlango wa barabarani ulipogongwa, Bi Zejna alifungua mwenyewe, kiganja kimefungwa kwa kitambaa. Mbele ya kundi alisimama Salko, muuza mkaa wa mtaa ule.

"Bi Zejna, fundi viatu na mkewe wametoweka. Hawakupita kwako?"

"Kwangu?" Bi Zejna aliweka mikono kiunoni, akajaza mlango wote. "Salko, wewe mgeni hapa? Hujui nani aliyekipigilia misumari kilango kile? Nenda ukakitazame! Na ukimaliza, unieleze tangu lini mimi napikia watu walionitukania mjukuu."

Wakati huo huo, kutoka karakanani, ikasikika chafya ndogo. Sufu ilikuwa imemwingia Vaso puani.

"Afya, mwanangu Ragib!" Bi Zejna alipaza sauti bila kugeuka. "Kila siku namwambia afunge kitambaa usoni, hasikii."

Ragib akapiga chafya nyingine nzito, ya kusindikiza ile ya kwanza. Salko aliuchungulia ubao kilangoni, akatikisa kichwa.

"Ni kweli," aliwaambia wenzake. "Hawa hawajasalimiana tangu theluji. Twendeni."

Hivyo ndivyo ugomvi uliowatenga majirani wale ulivyogeuka blanketi la kuwafunika. Walipokwisha kwenda, Bi Zejna alikaa chini kwa kishindo. Persida alitoka kwenye sufu, nywele nyeupe kama za bibi kizee. Hakumsogelea Rabija. Alisimama mbali, mgongo ukutani.

"Mbona hata kumtazama mtoto hutaki?" Bi Zejna aliuliza, na lile jiwe la kooni likasikika. "Amekukosea nini?"

"Nilizoea kukaa mbali naye, dada. Siku ile ulipoleta halua, Vaso alikuwa na surua. Mwili mzima mwekundu. Nikawaza, nikitia chakula cha mkono wangu katika bakuli, nitampelekea ugonjwa mtoto mchanga. Nikalichemsha mara kadhaa, nikalisugua kwa majivu, nikalirudisha lilivyo."

"Na hukuniambia?"

"Ningesema, mtaa ungejua, na nani angeleta viatu kwenye nyumba ya surua? Nilipanga nije akishapona. Alipopona, kulikuwa na ubao."

Bi Zejna alifunika uso kwa kitambaa chenye damu. Kisha akainuka, akamchukua Rabija, akamweka mikononi mwa Persida.

"Mshike. Mimi mpumbavu. Utupu ule ndio ulikuwa zawadi kubwa kuliko zote."

Mji ulitulia, lakini dunia ilikuwa imeshika moto. Kaisari aliivamia Serbia. Mrusi akaitetea Serbia. Mjerumani akasimama na Kaisari. Mfaransa na Mwingereza wakasimama na Mrusi. Na kabla ya baridi kuingia, Sultani wa Istanbul naye alikuwa upande wa Mjerumani.

"Kama ugomvi wa harusini," Bi Zejna alisema. "Mmoja kamwagiwa mchuzi, kila mtu anaita binamu zake."

Polisi walimchukua Tripko, wakampeleka na Waserbia wengine kwenye ngome ya wafungwa huko Hungaria. Ragib alivalishwa sare ya Kaisari, akapelekwa kupigana na Warusi, kisha milimani kupigana na Waitaliano. Majirani wawili waliobaki waliung'oa ubao, wakaanza kupika chungu kimoja. Kahawa ilipokwisha walikaanga shayiri. Shayiri ilipoadimika walikunywa maji ya moto, wakaita kahawa. Askari walipopita kukusanya shaba ya kuyeyushia mizinga, walichukua masufuria yote. Lakini Persida alikuwa amekaa pembeni mwa jiko, sketi zake zimetandazwa, hainuki.

"Huyu vipi?" askari aliuliza.

"Mgonjwa wa miguu," Bi Zejna alijibu. Mlango ulipofungwa akaongeza, "Haya, kuku wangu, inuka tuone umeatamia nini." Bakuli lilikuwa chini yake, la moto kama yai. Walicheka hadi Vaso na Rabija nao wakacheka bila kujua sababu.

Ragib alipopewa likizo fupi, mama yake alimwuliza kwa nini Waitaliano wampige mizinga wakati waliambiwa ni marafiki wa Kaisari.

"Walikuwa marafiki zaidi ya miaka thelathini, mama. Walitia saini. Sasa wametia saini upande wa pili."

"Saini!" Bi Zejna alimtazama Persida aliyekuwa akimchana nywele Rabija. "Mimi na huyu hatujatia saini popote."

Katika baridi ya pili, habari ilikuja kwamba Tripko amefariki ngomeni kwa homa ya chawa. Persida hakulia mbele ya watu. Bi Zejna alipita kilangoni na kiganja kimoja cha unga wa mahindi, akapika halua ya kumwombea marehemu kama alivyompikia zamani mumewe mwenyewe alipofariki, akakaa naye hadi asubuhi. Kile kiatu cha mteja, ambacho mwenyewe hakukifuata tena, walikiweka juu ya rafu, na hakuna aliyekigusa.

Mwaka 1918 majani yalipopukutika, Kaisari hakuwa na kiti tena, na jeshi la Serbia likaingia Sarajevo likishangiliwa. Waliokuwa maadui sasa waliambiwa kuwa watakuwa nchi moja; waliokuwa washirika walikuwa wametawanyika. Ragib alirudi akichechemea, akiungua homa, mgongoni bado na koti la Kaisari kwa sababu hakuwa na jingine. Siku ya tatu vijana wenye bendera mpya walikuja wakigonga mlango, wakidai atoke yule mbwa wa Kaisari.

Bi Zejna alilikaza komeo kwa mikono miwili. Nyuma yake kilango kikafunguka. Persida, mweusi tii kwa mavazi ya msiba, alimpita, akafungua mlango yeye mwenyewe, akasimama katikati ya kizingiti.

"Mnamtaka nani?"

Kiongozi wao alitazama huku na huku. "Mama, wewe... hii si nyumba ya Waislamu?"

"Hii nyumba ilinificha mimi na mtoto wangu siku mlipokuwa mmejificha nyinyi. Mume wangu amefia ngomeni. Kama kuna mtu wa kumdai Kaisari mahali hapa, ni mimi, na mimi sidai kwa mgonjwa aliye kitandani." Alimkazia macho kijana wa mwisho. "Wewe si mtoto wa Savka? Nimekufunga nepi kwa mikono hii. Mamako anajua uko wapi?"

Kijana alikunja bendera. "Hajui."

"Basi nenda ukamwambie, kabla sijaenda mimi."

Wakaondoka, mmoja mmoja, kama maji yanayotafuta mfereji.

Ragib alipopata nafuu, alisema jambo la kwanza atakalofanya ni kukipanua kile kilango, mama asihangaike tena. Bi Zejna alikwenda kumwonyesha mahali pa kuanzia. Akakipita akienda, akakipita akirudi, mara zote mbili akitazama mbele. Hakugeuka ubavu wala hakuvuta pumzi. Njaa ya miaka minne ilikuwa imekwisha kukipanua.

Persida aliyaona hayo kutoka dirishani mwake, naye ambaye hakulia mbele ya watu kwa ajili ya Tripko, alilia. Kisha akafuta uso, akaingia jikoni. Alipotokea kilangoni alikuwa amebeba bakuli la shaba, na ndani yake halua ya unga wa mahindi na plamu, imejaa hadi mfuniko umekataa kufunga.

"Usikiguse kilango, Ragib," alisema. Akamwekea Bi Zejna bakuli mkononi. "Kula, dada. Nataka nikuone tena ukipita ubavu."

Bi Zejna alichota kwa kidole chenye vumbi la ukuta, akaonja, akamshika mwenzake mkono kwa kiganja kile chenye kovu, wala hakuuachia. Wafalme walikuwa wametia saini na kuzifuta. Kilango kilibaki wazi. Hakika, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.