Namba Tasa ya Mwalimu Sosthenes

Kidole kikijikwaa hutoka damu, kikafungwa kitambaa, kikapona. Neno likishatoka halina kitambaa. Mwalimu Sosthenes wa Nakwa, mjini Babati, aliujua ukweli huo akiwa amechelewa.

Sosthenes alifundisha Hisabati, na namba kubwa ndizo zilizokuwa ugonjwa wake. Wenzake wakienda kutazama mpira, yeye hukaa kugawanya. Hata hivyo, lilikuwapo neno moja la kazi yake ambalo hakuthubutu kulitamka nyumbani. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa tasa, na mkewe, Vailet, hakuwa amejaliwa mtoto. Majirani waliitana Mama Rose na Mama Vicent. Yeye aliitwa Mke wa Mwalimu. Brigita, dada yake Sosthenes, alipokuja kumshauri kaka yake aoe mwingine, alisindikizwa stendi siku hiyohiyo. Vailet hakuisahau heshima ile.

Jumamosi moja wanawake wa jumuiya walikusanyika uani kwa sala. Ndani, Sosthenes alikuwa akipambana na milioni moja na tatu, namba ambayo mwalimu mwenzake, Ombeni, aliapa kwamba lazima igawanyike. Aliijaribu kwa saba, kwa kumi na tatu, akapanda hivyo hivyo hadi karibu na elfu moja, ambako hakuna tena haja ya kuendelea. Kila mara kulikuwa na baki. Akampigia Ombeni simu, furaha imempanda kichwani. Naye Sosthenes, kama watu wengi wa milima ya Mbulu alikozaliwa, akifurahi sana Kiswahili cha darasani humponyoka na ngeli zikapotea njia.

"Ombeni, huyu ni tasa," alisema kwa sauti kubwa. "Nimemjaribu kwa kila njia. Hatoi kitu."

Alipotoka nje, wanawake walikuwa wametulia kama maji ya mtungini. Mama Rose alitazama chini. Vailet aliwamiminia wote chai, akawasindikiza mmoja mmoja, ndipo akarudi kwa mumewe.

"Nilijua unasema namba," alimwambia.

"Basi twende tuwaeleze."

"Tukawaeleze nini? Hilo wanalisema tangu zamani. Kilichobaki kilikuwa kulisikia kwako."

Sosthenes alizunguka nyumba kwa nyumba na chaki yake, akieleza milioni moja na tatu. Walimwitikia kwa adabu, wakampa pole, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumhurumia mkewe. Brigita naye alikuja bila kuitwa, akamshukuru Mungu kwamba kaka yake hatimaye amekiri. Safari hii Sosthenes alipomfukuza, hakuna aliyemwamini.

Vailet alivumilia hadi moyo ukamchoka. Asubuhi alipopanda basi la kwenda kwao Mbulu, mumewe alishika dirisha akimsihi ashuke.

"Sina kinyongo nawe," Vailet alimwambia. "Ila sina tena pa kujificha."

Basi liliondoka, na mwalimu akabaki stendi analia mbele za watu, wanafunzi wake wakiwemo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.