Nyumba ya Mwashi Shemdoe

Hapo zamani, kabla simu hazijafika milimani kwetu, aliishi mwashi aitwaye Shemdoe. Siku moja ya soko, mfanyabiashara aliyegombana naye aliuawa stoo, nyuma ya mashine ya kusaga. Jirani wa stoo hiyo, Kihiyo, akaapa mahakamani kwamba kupitia ukuta alimsikia Shemdoe akitishia kuua. Shemdoe akafungwa maisha.

Dada yake, Nakiete, hakukubali. Alikata rufaa, ikatupwa. Mumewe akachoshwa na safari zake za mahakamani, akamwacha. Nakiete akaendelea.

Karani wa mahakama ile, Mbwambo, aliitilia shaka kesi tangu mwanzo. Akanyamaza, akihofia kazi yake. Badala ya kusema, akaandika riwaya: mtu anafungwa kwa sababu shahidi alisikia sauti yake, ilhali pale pale msumeno wa mbao ulinguruma kutwa.

Nakiete akaisoma. Alipofika kwenye msumeno, akakumbuka mashine ya kusaga, ambayo siku ya soko hainyamazi. Akampelekea Kihiyo kitabu, akangoja hadi akakimaliza.

"Ulimsikia Shemdoe, kaka?"

"Nilisikia mngurumo tu," Kihiyo akajibu. "Nilijua waligombana. Nikaamini ni yeye."

Kihiyo alijua kukiri ni kufungwa. Akaenda mahakamani, akakiri, akafungwa. Mbwambo naye akaitwa, akasema riwaya yake ilitokana na shaka yake juu ya kesi ile. Akafukuzwa kazi, akatolewa katika nyumba ya serikali. Shemdoe akaachiwa huru.

Sasa, gerezani Shemdoe alikuwa ameapa kumjengea nyumba, kwa mikono yake, mtu atakayemtoa. Lakini jela ilimharibia mapafu. Nguvu zilizobaki zilikuwa za nyumba moja.

Kihiyo alipomaliza kifungo alikuta nyumba yake imeanguka. Wakakutana wote watatu mbele ya Shemdoe, kila mmoja akiidai nyumba ile.

Nakiete alisema yeye hakuchoka hata siku moja, na sasa analala chumba cha kupanga.

"Bila kitabu changu ungeanzia wapi?" Mbwambo akamuuliza.

"Ulijua, ukaniacha nikilia mlangoni pa ofisi yako."

Kihiyo alisema mwisho, polepole. "Mimi ndiye niliyemfunga. Lakini kitabu hakikumtoa, wala machozi. Alitoka niliposema kweli, na nikaingia mimi."

Shemdoe aliwasikiliza wote. Kisha akachukua kamba, akaanza kupima msingi.

Haya, ninyi mlionisikiliza: nyumba ile, mngempa nani?