Rimu Lililowaita Watu Mtoni

Ndugu zangu, kulikuwa na kijiji kimoja chenye rimu la lori lililotundikwa kwenye uwanja wa mikutano, kando ya mto. Likigongwa tu, watu wananawa miguu, akina mama wanajifunga kanga safi, wanateremka kusikiliza. Watu wapenzi wale, kama ninyi Jumapili.

Siku moja mto ukaanza kufurika. Mlinzi akaligonga rimu kwa nguvu zake zote ili kuwaonya. Watu wakafanya nini? Wakanawa miguu, wakateremka kuyafuata maji! Waliponea chupuchupu, lakini mbuzi wao wengi walichukuliwa.

Mkutano mkuu ukatunga sheria ndogo. Rimu lihamishiwe kilimani, lisigongwe tena kwa mkutano wala harusi. Likilia ni mafuriko, kila mtu apande. Wakapiga makofi. Bibi mmoja akasimama.

"Mwenyekiti, mume wangu ni kiziwi. Hata mkilitundika mawinguni, hatalisikia."

"Si anakaa na wewe, bibi?"

"Nikiwa shamba je? Andika hivi, mwanangu: anayesikia asipande kabla hajamwamsha jirani."

Mwenyekiti akacheka. Aliona sheria inarefushwa bure, ila akaandika kumridhisha mama wa watu.

Masika yaliyofuata, alasiri moja, mvua ikamwagika na rimu likalia. Bibi alikuwa shamba kweli. Jirani akaja kumtikisa yule mzee bega, akamwonyesha mto kwa kidole. Mzee akachukua fimbo yake, lakini hakupanda. Alikwenda kwanza nyumba ya upande wa pili. Kiziwi hangoji kuambiwa karibu. Akasukuma mlango, akaingia.

Aliyekuwa amelala humo ni mwenyekiti. Kijiji kizima yeye peke yake alikuwa na paa la bati, na kwa kishindo cha mvua ile hakusikia rimu wala chochote. Walipofika kilimani wameshikana mikono, maji yalikuwa yamekwisha kuimeza nyumba.

Nawapenda, ndiyo maana nasema. Tunapotunga sheria ya kumkumbuka asiyesikia, tunadhani tunamfanyia yeye hisani. Nani kati yetu anajua mvua ijayo itamkuta chini ya bati gani? Sisi tumesikia, tumepanda, tumekaa hapa vizuri na kanga zetu safi. Jirani yako unayepakana naye ukuta yuko wapi leo? Tukitoka hapa, tusiupite mlango wake.