Jemadari Kalunguyeye Amkaribisha Dubu

"Enyi wenye masikio, mpo?"
"Tupo!"
"Na wenye usingizi?"
"Wakalale kwao!"

Basi, huko milimani Uajemi palikuwa na Kalunguyeye, kinyama cha miiba, akijikunja anaenea ndani ya kofia. Mwoga huyo, acheni tu! Siku mbwamwitu walipovamia kijiji cha wanyama, alijikunja kwa hofu, akaporomoka mlimani biringi biringi biringi, hadi chini ya wayo wa mkuu wao. Chomo! "Yalaa, nakufa!" Mkuu akatoka mbio, na wenzake wote nyuma yake.

Wanyama wakampa Kalunguyeye ujemadari. Wakachora picha yake ukutani, kifua mbele, upanga mkononi. Kila mwaka wakaichora upya, na kila mwaka ikazidi kunenepa, mpaka ikampita farasi.

"Huyu ni nani?" Kalunguyeye akamuuliza mkewe.
"Ni wewe, mume wangu. Ila huyu halali uvunguni."
"Kweli. Hata mimi namwogopa."

Sasa akaja Dubu, du! du! du! Mnene, mlafi, anaitaka chemchemi. Na chemchemi ni hiyo hiyo moja. Akiichukua, kijiji kizima kitakufa kiu. Wanyama wakapiga kelele, "Jemadari! Jemadari!" Wakamburuta Jemadari wao kutoka uvunguni. Maskini, aliona aibu kweli.

Dubu alikuwa ameiona ile picha, akaingia kwa adabu.
"Namtafuta Jemadari, kuhusu haya maji."
"Ndiye mimi," Kalunguyeye akasema kwa kisauti cha mbu. "Karibu, mheshimiwa. Chemchemi yote ni yako. Chukua!"

Wanyama wakashika vichwa. Lakini huko kwao, ukikaribishwa kitu, adabu ni kukataa. Mwenyeji akubembeleze, ukatae tena, akubembeleze tena, ndipo upokee kama uliyelazimishwa. Na Dubu alijisifia sana malezi yake.

"Aa, hapana, jamani," Dubu akasema, mate yakimdondoka. "Mimi maji ya nini?"
"Hutaki?"
"Sitaki, wallahi!"
"Haya, wenzangu, mmesikia. Mgeni hataki, na ameapa. Tusimsumbue."

Dubu akasimama, akingoja kubembelezwa. Akakohoa, ehem! Akayatazama maji. Akakohoa tena, ehem! Kuomba kitu ulichokwisha kukikataa mbele za watu ni aibu ya ukoo mzima. Akajiondokea, du... du... du... koo limemkauka.

Kijiji kikacheza ngoma. Wakachora picha mpya, Jemadari amemkaba Dubu koo. Kalunguyeye akasogea kuitazama, na mchoraji akamfokea, "Toka hapo, we! Unamchafulia Jemadari ukuta!"
"Samahani, bwana," Kalunguyeye akasema, akarudi zake uvunguni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chungu, nitemeeni mimi.

Na funzo lake, wanangu: ushujaa ni kifua mbele na upanga mkononi. Tena muwe na adabu. Mkikaribishwa chakula, semeni mmeshiba. Mimi jana nilisema hivyo kwa jirani, harufu ya pilau ikanisindikiza mpaka mlangoni kwangu.