Kiboko Aliyeukalia Mpira

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na ligi yao ya mpira, bingwa alijulikana kabla msimu haujaanza. Alikuwa Kiboko. Kiboko mwenyewe hakucheza; alikuwa mwenye timu. Timu yake iliitwa Mtoni, na kila mnyama mwenye miguu mizuri alikuwa wake: Duma, Swala, Mbuni, Ngedere na wengineo. Waliozidi aliwakalisha benchi. Pale benchi hawakuwa na kazi yoyote, ila kutokuwa kwenye timu nyingine.

Timu nyingine zilichukua waliobaki. Timu ya Mawe, kwa mfano, ilimtegemea Kobe kwa mbio.

Shabiki mkubwa wa Mawe alikuwa Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, asiye na mkia wala makuu. Kila Jumamosi alikwenda uwanjani na mkewe. Mkewe alikuwa akisema, "Mume wangu, leo tunafungwa tena," kisha yeye ndiye aliyetangulia kutoka nyumbani ili wapate mahali pazuri. Masika yaliyopita mkewe alifariki. Pimbi aliendelea kwenda peke yake. Siku nyingine nyumba ilikuwa kimya mno. Jumamosi angalau kulikuwa na kelele.

Sasa sikilizeni, watoto, jinsi kelele hizo zilivyokoma.

Swala aliteguka mguu akiichezea Mtoni. Akaomba majani na maji mpaka apone.

"Asiyecheza hali wala hanywi," akasema Kiboko. "Ndiyo sheria ya wachezaji."

"Lakini nimeumia nikikuchezea wewe, mzee!"

"Nilikuona. Pole."

Wachezaji wote wa Mtoni wakagoma. "Hatuchezi mpaka sheria hiyo ibadilike!" Kiboko naye akasema mpira ni wake. Akaubeba mpaka mtoni, akaukalia.

Jumamosi ikafika, hakuna mechi. Pimbi alikwenda vivyo hivyo, akakaa, akaangalia nyasi, akarudi. Jumamosi ya pili hakwenda uwanjani. Alikwenda mtoni.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Kama umefuata mpira, nimeukalia."

"Ukalie tu, mzee. Mimi nimekuja kukupa pole. Huko wanakusema vibaya."

"Nani? Wanasema nini?"

"Wachezaji wako. Eti Mtoni ni wao. Eti wewe bila wao humfungi hata Kobe."

Bubububu! Maji yakatoka mapovu. "Mimi? Kobe?"

"Nikawaambia, mzee akiingia uwanjani mwenyewe, mtajificha. Wakacheka. Ngedere alicheka mpaka akaanguka mtini."

"Nipangie mechi! Mimi peke yangu na hao Mawe wenu wote!"

"Watasema umependelewa kwa kuwa ni mwenye timu."

"Nisipendelewe! Sheria zile zile! Siku hiyo mimi ni mchezaji kama wachezaji wengine. Nenda katangaze!"

Pimbi akapendekeza saa saba mchana, ili wanyama wote waone vizuri. Kiboko, ambaye tangu azaliwe, saa saba mchana humkuta majini, akasema hiyo ni saa nzuri.

Siku ya mechi uwanja ulifurika. Korongo, aliyekuwa refa, akapuliza kipenga. Prrrii!

Dhu! Dhu! Dhu! Kiboko akauendea mpira. Akapiga teke moja zuri sana. Mpira haukuwepo.

"Mzee, mpira uko nyuma!" wakapiga kelele mashabiki.

"Nyuma wapi?"

"Nyuma huko ulikotoka!"

Akageuka. Jua lilikuwa linawaka. Akageuka tena. Ngozi ikaanza kukauka, pumzi ikakata, mguu ukapinda, na puu! akalala katikati ya uwanja.

Kobe hakuwa na habari. Alikuwa na mpira, na lango mbele yake lilikuwa tupu. Mashabiki wakamsubiri. Alipofika, akausukuma ndani.

"Gooo!" Pimbi akaruka, akageukia kushoto kwake amwambie mtu. Hapakuwa na mtu. Akakaa kidogo, akajifuta macho, kisha akashuka uwanjani.

"Leteni maji!" Kiboko alikuwa akipiga kelele. "Ngozi inapasuka!"

Swala akachechemea mbele. "Mzee, unaendelea kucheza?"

"Nitacheza vipi na mguu huu?"

"Basi asiyecheza hali wala hanywi. Pole."

"Mimi ni mwenye timu!"

"Leo ni mchezaji kama wachezaji wengine," akasema Pimbi. "Nimetangaza kama ulivyoniagiza."

Kiboko akautazama mto. Ulikuwa mbali kuliko asubuhi. "We kijitu! Umenitega!"

"Ndiyo, mzee."

"Haya, nimeibadilisha! Anayeumia atakula, atakunywa, atatibiwa mpaka apone! Maji!"

"Na wale wa benchi waende watakakopata kucheza," akasema Pimbi.

"Hilo na mguu wangu vinahusiana nini?"

"Havihusiani," akasema Pimbi, akaketi kwenye nyasi.

Nzi akapita. Wingu halikupita.

"Waende!" akanguruma Kiboko. "Waende hata leo!"

Duma na Ngedere walikuwa wamesimama kando na ndoo zao tayari. Chwaa! Chwaa! Kisha wote wakamsukuma mpaka mtoni, kwa heshima zote, huku Swala akiwaelekeza njia isiyo na miiba.

Jumamosi iliyofuata Mbuni alivaa jezi ya Mawe. Mawe wakafungwa tena, matatu kwa mawili, na bao la tatu likaingia dakika ya mwisho. Pimbi alirudi sauti imemkauka, akisema njia nzima kwamba lile lilikuwa la kuotea na refa ni kipofu. Majirani wakatoka milangoni kumbishia. Walibishana mpaka chakula kikaungua.

Basi, watoto, anayewatungia wengine sheria na aitunge kama vile kesho ni yeye atakayelala katikati ya uwanja.