Mbegu ya Supu

Aliyekula akashiba na asogee. Ambaye bado hajala akae mbali kidogo, maana hadithi hii inatia kinyaa na mimi sitaipaka asali.

Kwenye njiapanda moja ya barabara kuu palikuwa na Hoteli ya Shibe, ambapo mabasi ya masafa marefu yalisimama dakika kumi ili abiria wale na kuchimba dawa. Walifanya kazi pale watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwanahamisi, mwosha vyombo, alikuwa na pua: angekuambia leo kwamba maziwa yatachacha kesho. Shekilindi, mhudumu, alikuwa na kichwa: uso uliokula mbele yake hakuusahau, wala namba ya simu aliyotajiwa mara moja. Mhando, mpishi, alikuwa na ulimi: akifungua kinywa, hata wapiga debe walinyamaza wakamsikiliza.

Mhando huyo alikuwa na desturi. Kila jioni alibakiza ndoo ya supu ya utumbo, akaifunika, akaisukuma chini ya sinki karibu na dekio. Asubuhi aliimimina kwenye supu mpya. Aliiita mbegu. "Supu isiyo na mbegu ni maji ya kuoshea nyama," alijigamba. Na kwa kuwa walaji walipanda basi wakaenda zao, hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Waliharisha mbele ya safari, kwenye vichaka vya watu wengine. Kefule!

Siku moja, saa nne asubuhi, simu ya meneja, Bwana Mgaya, ikalia. Alikuwa kondakta.

"Meneja, mmewalisha nini abiria wangu? Kila baada ya kilomita tano wananisimamisha wachimbe dawa. Wengine hata mlangoni hawafiki!"

Mgaya akakata simu. "Basi limeshaondoka, hilo si letu tena," akawaambia wafanyakazi. "Supu ichemsheni upya, tieni ndimu na pilipili. Jingine linakuja sasa hivi." Kisha akaenda zake kunywa soda. Fisi ana haya kuliko yule bwana.

Mwanahamisi akainama juu ya sufuria. Chini ya ndimu, chini ya pilipili, pua yake ikakuta harufu ya mzoga. Akaifuata mpaka chini ya sinki, akafunua ndoo yenye mabaki ya mbegu: utando wa kijivu, na mapovu yakipasuka polepole. Akatapika hapohapo. Alipojifuta akazima jiko, akachota supu kidogo akaitia kwenye chupa safi ya kumpa bwana afya, akasimama mbele ya sufuria na mwiko mkononi. "Hapa hachoti mtu," akasema.

Shekilindi akafumba macho, akawaona walaji wa asubuhi meza kwa meza. Basi la kwanza, supu kumi na tisa. Basi la pili, ambalo lilikuwa njiani bado halijui lolote, supu sita, pamoja na yule mama wa kilemba cha njano aliyempa mjukuu wake mfupa anyonye. Akawapigia makondakta wote wawili, akawatajia wagonjwa kwa sura na nguo. "Wapelekeni kituo cha afya." Wa basi la pili akamwongezea: "Anza na yule mtoto."

Mhando akajishika kichwa. Ni yeye tu aliyejua kwamba mbegu ileile ilikuwa imetumika kupikia pilau na ndizi, na vyote vilishapangwa kaunta. Basi la tatu likafunga breki, abiria wakashuka mbio na njaa zao. Akatoka na aproni yake, akaziba mlango.

"Msile! Nimepika mimi, nimetia uozo wa jana, na wenzenu wameanguka. Rudini garini."

Mtu mmoja akamtemea mate usoni. Hakuyafuta. Akampigia bwana afya, akamweleza yote, na bwana afya akampigia daktari.

Jioni habari zikaja. Mtoto alifikishwa akiwa amelegea kama tambara, akatundikiwa dripu, akafumbua macho. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bila pua, supu ingepakuliwa. Bila kichwa, mtoto angefia njiani. Bila ulimi, basi zima lingekula sumu, na daktari angekuwa anabahatisha.

Mwenye hoteli, Bi Nasra, alipofika alimfukuza Mgaya kabla hajaketi. Akaweka funguo za jiko mezani. "Meneja ni mmoja. Nani?"

"Mimi ndiye niliyeinusa," alisema Mwanahamisi.

"Tangu lini?" Shekilindi akamwuliza.

Mwanahamisi akatazama chini. "Tangu alfajiri. Lakini mwosha vyombo akisema jikoni, nani anamsikiliza?"

"Na wewe Shekilindi," akadakia Mhando, "uliwaambia makondakta ni chakula gani?"

"Niliwaambia ni machungwa ya wale kina mama wanaouzia abiria kwenye madirisha ya mabasi. Nilikuwa nalinda ugali wetu sote."

Wote wawili wakamgeukia Mhando. "Na mbegu ilikuwa ya nani?"

"Yangu," alisema. "Kwa hiyo hakuna anayeijua vizuri kunishinda."

Bi Nasra akakunja uso, nami nimeukunja mpaka leo. Pua iliyonyamaza, kichwa kilichosingizia wanyonge, au ulimi wa mtu aliyeupika uchafu wenyewe? Nyie mnaonisikiliza, funguo mngempa nani? Msijibu haraka, maana kesho ninyi ndio mtakaoshuka pale na njaa zenu.